Kimya Kina Mshindo: Usomaji wa Ukimya wa Mbingu na Swala la Kutoweka kwa Binadamu

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu asimdharau aliyenyamaza, kwani huenda mnyamavu huyo ana jambo, na jambo lenyewe likizuka litatikisa nyumba. Kwa mhakiki wa fasihi methali hii ina uzito wa ziada. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuyasoma yale ambayo matini haikuyasema: mhusika asiyepewa sauti, ubeti uliokatika, mke anayetajwa kwa sababu tu mumewe amekufa vitani. Tumejizoeza kudai kwamba kimya nacho ni maana. Ni mara chache, hata hivyo, tunapojiuliza mipaka ya zoezi hili: ni lini kimya huwa ni ushahidi, na ni lini huwa ni kimya tu?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kutumia kimya kikubwa kuliko vyote tuvijuavyo, yaani kimya cha mbingu. Kwa zaidi ya miaka sabini sasa wanafizikia na wanafalaki wamekuwa wakiuliza kwa nini ulimwengu wenye nyota nyingi kiasi hiki hautuletei hata neno moja kutoka kwa viumbe wengine wenye akili. Baadhi yao wamekata shauri kwamba kimya hicho kinatuhusu sisi wenyewe: kwamba wengine walikuwapo, wakafikia daraja tuliyo nayo, wakaangamia, na kwamba zamu yetu yaja. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya maabara na hayatuhusu katika idara ya fasihi. Mimi naona kinyume. Walichokifanya wataalamu hao ni usomaji, na usomaji wenyewe umechagua utanzu wake. Wamekisoma kimya kama tanzia. Ni haki yetu, kama si wajibu wetu, kuuliza kama matini inauruhusu usomaji huo.

Tuanze na kisa chenyewe. Katika kiangazi cha mwaka 1950, huko Los Alamos katika jimbo la New Mexico, Enrico Fermi alikuwa akienda kula chakula cha mchana pamoja na wenzake watatu, Emil Konopinski, Edward Teller na Herbert York. Njiani walikuwa wakifanya mzaha juu ya habari za visahani virukavyo zilizokuwa zimejaa magazetini. Mazungumzo yakageukia mambo mengine. Kisha, walipokuwa mezani, Fermi akauliza ghafla wako wapi basi hao wote. Wenzake wakacheka, kwani kila mmoja alitambua mara moja kwamba hakuwa anawaulizia watu wa Los Alamos.

Nguvu ya swali hilo imo katika hesabu. Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Upana wake ni takriban miaka ya nuru 100,000, yaani nuru yenyewe, isiyo na mshindani kwa mwendo, huhitaji miaka 100,000 kuivuka. Chombo kiendacho kwa sehemu moja ya kumi ya mwendo wa nuru kingeivuka kwa miaka milioni moja. Muda huo ni mrefu kwetu, lakini galaksi ina umri unaozidi miaka bilioni 10. Umri huo ukifanywa kuwa mwaka mmoja, safari yote hiyo haitimizi saa moja. Kwa hiyo jamii moja tu iliyotutangulia kidogo, ikawa na ari ya kusafiri, ingekuwa imeshafika kila mahali. Wala hatuwezi tena kujitetea kwa kusema kwamba sayari ni adimu. Tangu mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipoitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, sayari zilizothibitishwa nje ya jua letu zimepita 5,000.

Baada ya Fermi likaja jitihada la kusikiliza. Mwaka 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba mawimbi ya redio yangefaa kwa mawasiliano baina ya nyota. Mwaka uliofuata Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, yenye kipenyo cha mita 26, kwenye nyota mbili zilizo jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Hakusikia kitu. Mwaka 1961 aliandaa kikao kidogo hapo hapo Green Bank na kuuweka mjadala katika mlinganyo mmoja wenye vipengele saba. Kipengele cha mwisho, ambacho alikipa herufi L, ni muda ambao jamii yenye uwezo wa kutuma ishara hudumu. Msomaji na azingatie mahali pa kipengele hiki. Vitangulizi vyake ni vya nyota, sayari na uhai. Hiki cha mwisho ni cha historia na maadili. Hakuna darubini iwezayo kukipima.

Hapa yafaa tuwatazame wasomaji hawa wa mwanzo. Fermi ndiye aliyeongoza ujenzi wa tanuri la kwanza la nyuklia, lililowashwa Chicago tarehe 2 Desemba 1942. Teller anajulikana zaidi kwa bomu la haidrojeni. Morrison alikuwa katika kisiwa cha Tinian mwaka 1945 akisaidia kuunda bomu, na baada ya vita alikwenda Hiroshima kujionea kwa macho yake lililotendeka. Maisha yake yaliyosalia aliyatumia kwa sehemu kubwa kuzipinga silaha hizo. Swali la wako wapi liliulizwa mahali pale pale palipotengenezwa bomu, na watu walewale. Simaanishi kwamba hoja ni batili kwa sababu mwenye kuitoa ana dhamiri iliyojeruhiwa. Hilo lingekuwa kosa la kimantiki ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasamehewi. Nasema tu kwamba mtu aliyekwisha kuuona mji mzima ukigeuka majivu haangalii anga tupu kama mtu mwingine aangaliavyo. Naye huona kaburi.

Usomaji huu wa kitanzia ulipewa umbo lake kamili katika miaka ya 1990 na mwanauchumi Robin Hanson, aliyezungumzia kile tunachoweza kukiita Mchujo Mkuu. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Kutoka maada isiyo na uhai hadi jamii inayoenea baina ya nyota kuna hatua nyingi, na kwa kuwa hatumwoni yeyote aliyezimaliza zote, lazima angalau hatua moja iwe ngumu kupita kiasi. Hatua hiyo yaweza kuwa nyuma yetu: pengine uhai wenyewe hauanzi ila kwa bahati isiyorudiwa. Yaweza pia kuwa mbele yetu, na hapo ndipo penye kitisho. Mwaka 2008 Nick Bostrom aliandika kwamba angefurahi ikiwa Mirihi itaonekana kuwa sayari kavu isiyowahi kuwa na uhai. Kuvu mmoja tu wa kule, aliyetokea bila ya uhusiano nasi, angetuonyesha kwamba hatua ya kwanza ni rahisi, na hivyo ugumu unatungoja mbele. Ni hoja ya ajabu, na kila niisomapo hunishika. Mtu aombe jirani asiwepo ili yeye mwenyewe apate kuishi!

Hata hivyo nina mashaka nayo, na mashaka yangu yalianzia Gedi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kundi la wanafunzi wa uzamili kwenda kuyatazama magofu ya mji huo, yaliyo ndani ya msitu, kilomita zipatazo 16 kusini-magharibi mwa Malindi. Gedi haukuwa kijiji. Ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe ya matumbawe zenye visima na vyoo, na ukuta uliouzunguka. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mwaka 1948, aliokota vyombo vya kauri kutoka China. Mji ulistawi kwa karne kadhaa na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Tulipokuwa tumekaa chini ya ukuta wa jumba, mwanafunzi mmoja aliuliza Wareno walisema nini juu yake. Nilimjibu kwamba hawakusema neno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Wareno wakakaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, wakaandika barua, taarifa na hesabu. Na katika maandishi hayo Gedi haitajwi. Mwanafunzi akafikiri kidogo, kisha akasema: "Basi Mreno angeapa kwamba hapakuwa na watu huku."

Jibu hilo lilikuwa uhakiki bora kuliko mihadhara yangu mingi. Mreno angeapa, na kiapo chake kingekuwa na mantiki: alikuwa na macho, alikuwa na vyombo, alikuwa karibu, na alikaa muda mrefu. Na bado watu walikuwapo, wakisali, wakichota maji, wakila katika sahani za China. Mwendo wa siku moja kwa miguu ulitosha kuuficha mji mzima kwa watu ambao macho yao yalielekea baharini.

Tujiulize basi sisi tumetazama kiasi gani. Mwanafalaki Jill Tarter alikuwa akisema kwamba utafutaji wetu wote ni sawa na kuteka glasi moja ya maji baharini na, kwa kuwa glasi haina samaki, kuamua kwamba bahari haina samaki. Mwaka 2018 Jason Wright na wenzake wawili walifanya hesabu upya kwa makini zaidi, wakazingatia pande za anga, masafa ya mawimbi, nguvu za ishara na nyakati za kusikiliza. Walipata kwamba yaliyotafutwa, yakilinganishwa na bahari zote za dunia, hayazidi maji ya bwawa dogo la kuogelea. Glasi imekuwa bwawa. Bahari ni ile ile.

Na sisi wenyewe tumesema nini? Mwambao huu una adabu yake ya kuingia nyumba ya mtu. Mgeni hupiga hodi, akangoja, akarudia, hata mara tatu, na asipoitikiwa huondoka bila ya kinyongo, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutojibu. Tarehe 16 Novemba 1974 darubini ya Arecibo huko Puerto Rico ilipiga hodi kwa niaba yetu kwenye kundi la nyota liitwalo M13. Ujumbe ulikuwa na alama 1,679 na ulidumu kwa muda usiotimia dakika tatu. Utahitaji miaka 25,000 kufika na jibu, likiwapo, miaka mingine kama hiyo kurudi. Hata hodi hiyo moja ililalamikiwa: Martin Ryle, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, alionya kwamba si busara kujitangaza kwa usiowajua. (Mwandishi wa Kichina Liu Cixin ameijengea hofu hiyo riwaya nzima, iliyotoka mwaka 2008, ambamo ulimwengu ni msitu wenye giza na kila aliye hai ni mwindaji anayenyata. Huo nao ni usomaji, wa utanzu mwingine.) Mtu aliyebisha mara moja, kwa dakika tatu, na jibu lake halijawahi kupata muda wa kufika, hana haki ya kutoka na kuwatangazia watu kwamba nyumba ni gofu.

Kuna mfano mwingine unaotuhusu kwa karibu zaidi, nao hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyorekodiwa sauti na picha za dunia kwa ajili ya yeyote atakayeipata. Miongoni mwa sauti hizo mna salamu za lugha 55. Mna Kisumeri, Kiakadi na Kihiti, lugha ambazo hakuna mama aliyembembeleza mtoto kwazo kwa maelfu ya miaka. Kutoka Afrika ya Kibantu mna Kiganda, Kinyanja, Kisotho, Kinguni na Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo. Voyager 1 ilipita mpaka wa upepo wa jua mwezi Agosti 2012 na sasa imo baina ya nyota, ikiwa imebeba salamu za wafu wa Mesopotamia na bila ya hujambo moja kutoka Lamu, Unguja, Mombasa au Lubumbashi. Msikilizaji wa huko, akiwa mwanafilolojia mwangalifu, atahitimisha kwamba Wasumeri walikuwa hai mwaka 1977 na kwamba Waswahili hawakuwapo kamwe. Atakuwa amesoma kimya kwa njia ile ile tunayokisoma sisi.

Haya yote yanatosha kuonyesha kwamba kimya cha mbingu hakijawa ushahidi wa msiba. Lakini nisije nikaonekana namfariji msomaji kwa bei rahisi. Mwaka huo huo wa 2018 Anders Sandberg, Eric Drexler na Toby Ord walionyesha kwamba tukiingiza katika mlinganyo wa Drake kutojua kwetu kote, badala ya makisio ya nambari moja moja, uwezekano wa kwamba tuko peke yetu katika galaksi, na hata katika ulimwengu wote uonekanao, si mdogo hata kidogo. Hapo hapahitajiki Mchujo wowote wa kutisha mbele yetu. Huenda hakuna aliyekufa kwa sababu hakuna aliyezaliwa. Kinachoondoka ni kitisho cha ajali iliyokwisha kuandikwa. Kinachobaki ni jambo zito zaidi. Ikiwa kaburi la mbinguni halina maiti, basi hatima yetu haikutangazwa popote, na tukiangamia tutakuwa tumeangamia kwa mikono yetu, bila ya sheria ya ulimwengu ya kuilaumu.

Ndipo linapokuja swali la kimaadili lenyewe: kuna ubaya gani binadamu akitoweka? Swali hili si la kipuuzi. Kila mmoja wetu atakufa vyovyote vile. Kutoweka kwaongeza nini juu ya vifo hivyo? Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliwataka wasomaji walinganishe hali tatu: amani, vita vinavyoua asilimia 99 ya watu, na vita vinavyowaua wote. Wengi, alisema, hudhani pengo kubwa lipo baina ya amani na vita vya kwanza. Yeye alishikilia kwamba pengo kubwa zaidi lipo baina ya ile asilimia 99 na 100, kwa kuwa asilimia moja iliyosalia ina uwezo wa kuijenga upya historia yote ijayo. Hoja yake yategemea wasiozaliwa. Ina nguvu, lakini ina udhaifu ambao wanafalsafa wamezozana juu yake tangu hapo: asiyezaliwa hana malalamiko. Ni vigumu kumdhulumu mtu ambaye, kwa sababu ya dhuluma hiyo hiyo, hatakuwapo.

Nadhani tunaweza kuliendea jambo hili kwa mlango mwingine, na mlango huo uko kwetu. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya istilahi. Aliyekufa, alisema Mbiti, hubaki katika sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Ni mfu aliye hai. Akifa wa mwisho amjuaye, huzama katika zamani, bahari isiyo na majina. Dai lake jingine, kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, limepingwa vikali, na Kwame Gyekye ni miongoni mwa waliolipinga kwa hoja nzito; mimi pia sidhani kwamba linasimama. Lakini dai la sasa na zamani halihitaji lile jingine ili lisimame. Nalo linatupa kile ambacho Parfit hakukiona. Kutoweka kwa binadamu ni dhuluma kwa wafu. Hao walikuwapo, walikuwa na majina, na walitukabidhi amana: shamba, wosia, lugha, utenzi ulionakiliwa kwa taa ya mafuta. Wasiozaliwa hawawezi kutudai. Wafu wanatudai.

Msomaji wa fasihi analijua deni hili kuliko mwanahesabu. Kandokando ya Ziwa Turkana lugha ya asili ya Waelmolo ilitoweka katika karne ya 20, wenyewe wakihamia Kisamburu. Watu hawakufa, wapo, wanavua. Na bado kuna jambo limekufa ambalo hesabu ya vichwa hailioni: vitendawili ambavyo jibu lake hakuna tena alijuaye. Kutoweka kwa binadamu ni jambo hilo hilo likitokea kwa lugha zote kwa siku moja, na tofauti ya kutisha ni kwamba hapatakuwa na Kisamburu cha kuhamia.

Tofauti hiyo yagusa moja kwa moja utanzu wa tanzia. Sanaa yetu ya maombolezo ina sharti moja ambalo kwa kawaida hatulitaji kwa kuwa halijawahi kuvunjwa: lazima abaki wa kulia. Riwaya zinazojaribu kuyachora maangamizi ya wote hulazimika kufanya hila. Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) hutuingiza katika dunia iliyoharibika na kukaukiwa na sauti, lakini hana budi kutuachia msimulizi wa nafsi ya kwanza atembee ndani yake, aone, aulize. Huo si udhaifu wa Kezilahabi. Ni mpaka wa usimulizi wenyewe. Kifo cha wote hakina mtambaji, na kwa hiyo hakiwezi kuwa tanzia hata kikitokea. Tanzia ni ya walio hai. Wanaosema kwamba mbingu ni jukwaa la tanzia zilizokwisha kuchezwa wamesahau kwamba, kama ndivyo, sisi ndio watazamaji pekee, na hatukuona hata onyesho moja.

Kwa sababu hiyo narudi kila mara kwenye Al-Inkishafi, utenzi alioutunga Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwanzoni mwa karne ya 19. Hakuna matini yetu iliyoyasoma magofu kwa ukamilifu kama hii. Mtunzi anauhutubia moyo wake, anauonyesha majumba ya Pate yaliyojaa watu na taa, kisha anauonyesha kumbi zile zile zikiwa makao ya popo na ndege. Tukiutazama utenzi huu sambamba na Mchujo Mkuu, tunagundua jambo. Wote wawili wanairuka historia. Pate haukuanguka kwa sababu dunia ni hadaa. Ulianguka kwa vita vya kugombea ufalme vilivyoumaliza katika karne ya 18, kwa biashara iliyohamia kwingine, na kwa kushindwa huko Shela karibu na mwaka 1813. Mtunzi aliyajua hayo. Huenda waliouawa aliwajua kwa majina. Hakuyasema, kwa kuwa utanzu wake ni mawaidha, na mawaidha yana haki ya kuivua sababu ya karibu ili sababu ya mbali ionekane. Mwanasayansi hana haki hiyo. Anaposema kwamba jamii zote zenye akili hujiangamiza, anatoa waadhi bila ya kukiri kwamba anawaidhi, na waadhi wake, tofauti na ule wa Sayyid Abdallah, hauna toba ndani yake. Unampa msikilizaji kudura peke yake.

Na kudura hiyo haikubaliani na yaliyotokea karibu nasi. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita ya nyuklia kwa siri. Mwaka 1993 Rais F. W. de Klerk alitangaza bungeni kwamba yamekwisha kuvunjwa. Mwaka 1996 mataifa ya Afrika yalitia sahihi jijini Cairo mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha hizo, nao ulianza kutumika mwaka 2009. Umepewa jina la mahali ambapo utafiti wa nyuklia wa Afrika Kusini ulikuwa na makao yake. Sababu za de Klerk hazikuwa za kitakatifu zote, na wapo wanaosema kwamba hakutaka serikali ya watu weusi iyarithi mabomu hayo. Na iwe hivyo. Kwa hoja yangu yatosha kwamba jamii moja ya viumbe wenye akili ilifika kwenye kingo, ikarudi nyuma, na sababu za kurudi zilikuwa za kawaida, hata duni. Mchujo ambao mtu aweza kuupita kwa sababu duni si sheria ya ulimwengu. Silaha zilizosalia duniani, zipatazo 12,000 katika mikono ya mataifa tisa, nazo ni historia, zina wenyewe, na wenyewe wana anwani.

Kuna jambo moja la mwisho juu ya Al-Inkishafi ambalo wahakiki, nami nikiwamo, tumelipita haraka mno. Tunaufundisha utenzi huu kana kwamba Pate ulikwisha. Mtunzi ndiye aliyetuzoeza hivyo, kwa kuuliza wenye mji wako wapi kama mtu asiyetazamia jibu. Lakini aliuliza akiwa miongoni mwa watu, kwa lahaja yao, na wao wakauhifadhi utenzi kwa vinywa na kwa miswada mpaka ukafika kwa William Hichens aliyeuchapisha mwaka 1939. Pate leo kuna watu. Wamejenga kando ya kuta za kale, wengine hulima tumbaku humo humo ndani ya magofu, na mgeni akipita jioni baina ya majani hayo akiuliza nyumba ya fulani ilikuwa wapi, yuko mzee wa kumwonyesha.